Stepan Bandera: maisha ya mzalendo wa Ukraine na jina linalozozaniwa

Kila vita vya Ukraine vinapotajwa katika taarifa za habari, kuna jina moja ambalo haliishi kurudiwa. Viongozi wa Urusi huwaita mahasimu wao mjini Kyiv "Wabandera", wakimaanisha kuwa ni warithi wa Wanazi. Katika miji ya magharibi mwa Ukraine jina hilo hilo limeandikwa kwenye vibao vya mitaa, na watu huweka maua chini ya sanamu za mwenye jina. Na nchini Poland, jirani aliyewapokea wakimbizi wa Kiukraine zaidi ya milioni moja, jina hilo hukumbusha vijiji vilivyoteketezwa na wakazi wake kuuawa.

Mwenye jina ni Stepan Bandera, aliyeuawa mjini Munich, Ujerumani, mwaka 1959 akiwa na umri wa miaka 50. Hakupata kuongoza serikali, wala hakuamrisha jeshi katika medani ya vita. Katika kipindi cha miaka 10, kati ya 1934 na 1944, zaidi ya miaka minane aliipitisha kifungoni. Hata hivyo ni watu wachache wa karne iliyopita ambao majina yao yangali yakizua ugomvi baina ya mataifa kama lake.

Ili kuuelewa ugomvi huo hapana budi kutenganisha mambo matatu ambayo mara nyingi huchanganywa: aliyoyatenda Bandera mwenyewe, yaliyotendwa na watu waliolibeba jina lake, na yale ambayo jina hilo limetumiwa kuyahalalisha tangu alipokufa.

Taifa lisilo na dola

Bandera alizaliwa Januari mosi mwaka 1909 katika kijiji cha Staryi Uhryniv, jimbo la Galicia, ambalo wakati huo lilikuwa sehemu ya Dola ya Austria na Hungary. Baba yake, Andriy Bandera, alikuwa padri wa Kanisa Katoliki la Kigiriki, kanisa linalomtii Papa wa Roma lakini linalofuata ibada za Kikristo za Mashariki na kuwaruhusu mapadri kuwa na wake. Katika vijiji vya Galicia padri ndiye aliyekuwa msomi, mshauri na mara nyingi kiongozi wa siasa. Kwa hiyo Stepan alikulia katika nyumba ambamo suala la taifa lilizungumzwa kila siku.

Dola hiyo iliposambaratika mwezi Novemba 1918, Waukraine wa Galicia walitangaza jamhuri yao mjini Lviv. Padri Andriy alikuwa mjumbe wa baraza la jamhuri hiyo, na baadaye akawa kasisi katika jeshi lake. Jamhuri hiyo haikutimiza hata mwaka mmoja. Kufikia Julai 1919 jeshi la Poland lilikuwa limeiteka Galicia yote ya mashariki, na mwaka 1923 mataifa makubwa yaliyoshinda Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia yaliitambua Poland kuwa mtawala halali wa eneo hilo. Sehemu kubwa zaidi ya ardhi ya Waukraine, upande wa mashariki, ilibaki mikononi mwa Wasovieti, na vipande vingine vikaenda Romania na Czechoslovakia. Wakati mataifa mengi ya Ulaya ya kati yalipopata dola zao, Waukraine waligawanywa kati ya nchi nne.

Waukraine waliojikuta chini ya Poland walikuwa zaidi ya milioni nne. Walikuwa na magazeti, vyama vya ushirika na wabunge wao, lakini shule zinazofundisha kwa Kiukraine zilizidi kupungua, na nafasi za kazi serikalini zilikuwa adimu kwao. Mwaka 1930, baada ya mashamba ya mabwanyenye wa Kipoland kuchomwa moto, serikali ilipeleka polisi na askari katika vijiji vya Galicia. Watu walichapwa viboko, na maduka ya ushirika pamoja na vyumba vya kusomea vikavunjwa. Vijana wengi walihitimisha kuwa wazee wao walikuwa wamejaribu njia ya sheria na diplomasia bila ya mafanikio.

Kijana wa siri na nidhamu

Mama yake Bandera alifariki dunia mwaka 1922 kwa ugonjwa wa kifua kikuu. Stepan alisoma shule ya sekondari katika mji wa Stryi, na mwaka 1928 akajiunga na chuo cha ufundi cha Lviv kusomea kilimo, masomo ambayo hakuyamaliza. Alikuwa mfupi wa kimo, lakini wenzake walimfahamu kuwa mtu mwenye bidii na kipaji cha kupanga mambo ya siri.

Mwaka 1929 wakongwe wa vita vya uhuru na vijana wa vyuoni walikutana mjini Vienna na kuunda Shirika la Wazalendo wa Ukraine, maarufu kwa kifupi OUN. Kiongozi wake alikuwa Kanali Yevhen Konovalets. Shirika hilo liliamini kuwa taifa liko juu ya kila kitu, juu ya mtu binafsi na juu ya sheria za kawaida za maadili. Lilipinga ukomunisti, lakini pia lilidharau demokrasia, na baadhi ya wanafikra wake waliutazama utawala wa Mussolini nchini Italia kama mfano wa kuigwa. Kwao, dola ya Ukraine ingepatikana kwa mapinduzi na kwa damu.

Bandera alipanda ngazi upesi. Mwaka 1933, akiwa na umri wa miaka 24, alikuwa mkuu wa shirika hilo katika Galicia yote.

Risasi na kizimba

Mwaka huo huo, upande wa pili wa mpaka, mamilioni ya wakulima wa Ukraine ya Kisovieti walikuwa wamekufa kwa njaa iliyosababishwa na siasa za Stalin. Ili kuikumbusha dunia juu ya maafa hayo, OUN ilimtuma kijana mmoja katika ubalozi mdogo wa Kisovieti mjini Lviv mwezi Oktoba 1933, naye akampiga risasi na kumuua mfanyakazi wa ubalozi huo.

Pigo kubwa zaidi lilikuja Juni 15, 1934, pale Waziri wa Mambo ya Ndani wa Poland, Bronisław Pieracki, alipouawa kwa risasi mjini Warsaw. Muuaji alitoroka. Bandera mwenyewe alikuwa amekamatwa siku moja kabla, lakini wachunguzi walipata ushahidi kwamba yeye alikuwa miongoni mwa walioipanga njama hiyo.

Shirika halikuwalenga maafisa wa Poland peke yao. Mwezi Julai 1934 lilimuua Ivan Babij, mkuu wa shule ya Kiukraine mjini Lviv, ambaye yeye mwenyewe alikuwa Muukraine. Babij alikuwa akipinga shughuli za OUN miongoni mwa wanafunzi wake. Mauaji hayo yaliwashtua Waukraine wengi, na Askofu Mkuu Andrey Sheptytsky, kiongozi wa Kanisa Katoliki la Kigiriki, aliyalaani hadharani.

Kesi ya Warsaw ilianza Novemba 1935 na kumalizika Januari 1936. Bandera na wenzake walikataa kujibu maswali kwa lugha ya Kipoland, wakashikilia kusema Kiukraine, na mara kadhaa walitolewa nje ya mahakama. Bandera alihukumiwa kunyongwa, lakini kwa mujibu wa sheria ya msamaha iliyokuwa imepitishwa muda mfupi kabla, adhabu hiyo iligeuzwa kuwa kifungo cha maisha. Mwaka huo huo alipandishwa tena kizimbani mjini Lviv. Kesi hizo, zilizoandikwa na magazeti siku baada ya siku, ndizo zilizomfanya kijana ambaye hakuwa akijulikana kuwa mtu mashuhuri kwa Waukraine wote wa Poland.

Mgawanyiko na matumaini kwa Berlin

Akiwa gerezani, mambo mawili yalibadili hatima yake. La kwanza, mwezi Mei 1938 jasusi wa Kisovieti alimuua Kanali Konovalets mjini Rotterdam, Uholanzi, kwa bomu lililofichwa katika zawadi ya boksi la chokoleti. Shirika likabaki bila ya kiongozi aliyekubaliwa na wote. La pili, mwezi Septemba 1939 Ujerumani na Umoja wa Kisovieti ziliivamia na kuigawana Poland. Katika vurugu hizo Bandera alipata kutoka gerezani.

Mwaka 1940 OUN iligawanyika. Wazee wengi walimfuata Andriy Melnyk, na vijana wenye msimamo mkali zaidi wakamfuata Bandera. Tangu hapo ndipo lilipozaliwa neno "Wabandera". Makundi hayo mawili yalikuja kuuana yenyewe kwa yenyewe.

Pande zote mbili ziliamini kwamba ni Ujerumani tu iliyokuwa na uwezo wa kuvunja mipaka iliyowanyima Waukraine dola. Kundi la Bandera lilishirikiana na idara ya ujasusi ya jeshi la Ujerumani, na katika majira ya kuchipua ya mwaka 1941 wafuasi wake waliingizwa katika vikosi viwili vidogo vilivyopewa mafunzo na Wajerumani. Katika mkutano wake mkuu mjini Kraków mwaka huo, kundi hilo lilipitisha maazimio yaliyowataja Wayahudi kuwa nguzo ya utawala wa Kisovieti. Bandera ndiye aliyekuwa kiongozi wa kundi wakati maneno hayo yalipoandikwa, na jambo hili haliwezi kuwekwa mbali naye.

Juni 30, 1941

Ujerumani iliuvamia Umoja wa Kisovieti Juni 22, 1941. Siku nane baadaye majeshi yake yaliingia Lviv. Kabla ya kuukimbia mji, polisi wa siri wa Kisovieti walikuwa wamewaua maelfu ya wafungwa katika magereza ya mji huo na miji ya jirani. Jioni ya Juni 30, naibu wa Bandera, Yaroslav Stetsko, alitangaza kurejeshwa kwa dola ya Ukraine. Tangazo hilo lilisema kuwa dola mpya itashirikiana na Ujerumani ya Hitler.

Katika siku hizo hizo maelfu ya Wayahudi wa Lviv waliuawa. Walilaumiwa kwa mauaji ya magerezani ambayo hawakuyatenda, wakaburutwa mitaani, wakapigwa, na wengi wakapigwa risasi na Wajerumani. Wanamgambo wa Kiukraine, walioundwa na wafuasi wa Bandera, walishiriki katika kuwakamata na kuwatesa, pamoja na makundi ya raia wa mjini. Wanahistoria wanabishana kuhusu ukubwa wa mchango wa kila upande, lakini picha na ushahidi wa walionusurika havitoi nafasi ya kukana kwamba ushiriki huo ulikuwepo.

Hitler hakuwa na nia ya kuwapa Waukraine dola. Kwake yeye Ukraine ilikuwa shamba la kulisha Ujerumani. Bandera, ambaye siku ya tangazo alikuwa Kraków na si Lviv, alikamatwa mwanzoni mwa Julai na kupelekwa Berlin. Alitakiwa alifute tangazo hilo, naye akakataa. Hatimaye alifungwa katika kambi ya Sachsenhausen, katika jengo maalumu la wafungwa wa kisiasa ambako hali ilikuwa nafuu kuliko ile ya wafungwa wa kawaida wa kambi. Alikaa humo hadi Septemba 1944, pale Wajerumani waliokuwa wakishindwa walipomwachia kwa matumaini kwamba angewasaidia dhidi ya Jeshi Jekundu.

Familia yake haikusalimika. Baba yake alipigwa risasi na Wasovieti mjini Kyiv mwezi Julai 1941. Wadogo zake wawili wa kiume, Oleksandr na Vasyl, walikufa katika kambi ya Auschwitz mwaka 1942. Dada zake walipelekwa uhamishoni na Wasovieti kwa miaka mingi.

Damu ya Volhynia

Wakati Bandera yumo kifungoni, wafuasi wake waliobaki nyumbani waliunda Jeshi la Waasi la Ukraine, UPA. Jeshi hilo lilipambana na Wasovieti, na kwa kiasi fulani na Wajerumani. Lakini mwaka 1943, katika jimbo la Volhynia lililo kaskazini mwa Galicia, makamanda wake waliamua kuwaondoa Wapoland wote katika ardhi waliyoiona kuwa ya Ukraine ya kesho.

Utekelezaji ulikuwa wa kutisha. Julai 11, 1943, siku ya Jumapili, vijiji na vitongoji vya Kipoland vipatavyo 100 vilishambuliwa kwa mpigo, vingine watu wakiwa kanisani. Mashoka na zana za shambani zilitumika pamoja na bunduki, na wanawake na watoto hawakuachwa. Mwaka 1944 mauaji yalienea hadi Galicia ya mashariki. Makadirio mengi ya wanahistoria yanasema Wapoland kati ya 60,000 na 100,000 waliuawa. Wapiganaji wa Kipoland walilipiza kisasi, na maelfu ya raia wa Kiukraine wakauawa pia.

Hakuna amri ya mauaji hayo iliyopatikana ikiwa na saini ya Bandera, na kutoka Sachsenhausen hakuwa na uwezo wa kuliongoza jeshi. Watetezi wake huishia hapo. Wakosoaji wake husema kuwa walioua walikuwa wafuasi wa kundi lake, waliolelewa katika mafundisho aliyoyasimamia ya kwamba taifa halina budi kusafishwa na maadui, na kwamba katika miaka 15 aliyoishi baada ya kuachiwa hakupata kuyalaani mauaji hayo hadharani. Hoja zote mbili zina ukweli. Mtu anaweza asitoe amri, na bado akawa amechangia kuwaandaa waliotenda.

Wapoland wa Tengeru

Historia hiyo ya mipaka ya mashariki ya Poland iligusa pia Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1940 na 1941, kabla ya mauaji ya Volhynia, Wasovieti waliwahamisha kwa nguvu mamia ya maelfu ya raia wa Poland kutoka majimbo hayo hayo na kuwapeleka Siberia na Asia ya kati. Baadhi yao walipata kutoka kupitia Iran, na tangu mwaka 1942 wakapokewa katika makoloni ya Uingereza. Wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, waliwekwa Tengeru, karibu na Arusha, katika Tanganyika ya wakati huo. Wengine walikwenda Masindi na Koja nchini Uganda.

Vita vilipokwisha, wengi hawakuwa na mahali pa kurudi. Volhynia na Galicia ya mashariki zilikuwa zimetiwa katika Umoja wa Kisovieti, na Wapoland waliosalia huko wakahamishiwa magharibi. Wakimbizi wa Tengeru walitawanyika Uingereza, Canada, Australia na kwingineko. Makaburi ya waliofia hapo yangalipo hadi leo.

Ufichoni Munich

Baada ya vita Bandera aliishi Ujerumani Magharibi kwa jina la bandia, Stefan Popel, pamoja na mkewe Yaroslava na watoto wao watatu. Umoja wa Kisovieti ulimtaka akabidhiwe, lakini haukumpata. Kwa muda fulani idara ya ujasusi ya Uingereza ilishirikiana na kundi lake kupenyeza watu ndani ya Ukraine, ushirikiano uliovunjika katikati ya miaka ya 1950. Wamarekani walipendelea kushirikiana na mahasimu wake katika vuguvugu hilo hilo.

Nyumbani, UPA iliendelea kupigana msituni hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kamanda wake, Roman Shukhevych, aliuawa karibu na Lviv mwezi Machi 1950. Kwa mujibu wa kumbukumbu za Kisovieti, zaidi ya watu 150,000 waliuawa katika operesheni za kuuzima uasi huo, na zaidi ya 200,000 wakahamishwa kwa nguvu. Waasi nao waliua watu wapatao 30,000, wakiwemo walimu na wakulima waliotuhumiwa kushirikiana na serikali. Takriban kila familia ya Ukraine magharibi ilipoteza mtu. Hapo ndipo penye mzizi wa heshima anayopewa Bandera huko: kwa watu hao jina lake ni la waliopigana na Stalin, na si la vijiji vya Volhynia.

Oktoba 15, 1959, mchana, Bandera alirudi nyumbani kwake mjini Munich akiwa amebeba mfuko wa nyanya alizotoka kununua. Katika ngazi alikutana na kijana aliyemwelekezea bomba dogo lililofichwa ndani ya gazeti. Lilitoka moshi wa sumu ya sayanidi. Majirani walimkuta ameanguka, naye akafa kabla ya kufikishwa hospitali.

Kwa muda wa karibu miaka miwili muuaji hakujulikana. Agosti 12, 1961, siku moja kabla ya Ukuta wa Berlin kuanza kujengwa, Bohdan Stashynsky, kijana wa Kiukraine kutoka kijiji kilicho karibu na Lviv, alivuka na kuingia Berlin Magharibi pamoja na mkewe Mjerumani, akakiri kuwa alimuua Bandera kwa amri ya shirika la ujasusi la Kisovieti, KGB. Alikiri pia kumuua kwa njia hiyo hiyo Lev Rebet, mwandishi na mzalendo mwengine, mwaka 1957. Mwaka 1962 mahakama mjini Karlsruhe ilimhukumu kifungo cha miaka minane tu, ikisema kwamba wenye hatia kuu ni wale waliomtuma.

Kutoka aibu hadi bango

Katika Umoja wa Kisovieti neno "Mbandera" lilikuwa tusi la kisiasa. Lilitumika dhidi ya wapiganaji wa zamani, lakini pia dhidi ya mshairi aliyedai haki ya lugha yake. Watoto wa mashariki mwa Ukraine, ambao babu zao walipigana katika Jeshi Jekundu, walifundishwa kulichukia. Watoto wa magharibi walisikia habari nyingine majumbani mwao.

Ukraine ilipojitangazia uhuru mwaka 1991, kumbukumbu hizo mbili zilijikuta katika nchi moja. Sanamu ya kwanza ya Bandera, iliyosimamishwa kijijini kwake mwaka 1990, ililipuliwa kabla mwaka huo haujamalizika. Mwaka 2007 mji wa Lviv ulizindua sanamu kubwa ya shaba.

Januari 22, 2010, Rais Viktor Yushchenko, akiwa katika wiki zake za mwisho madarakani, alimtunukia Bandera hadhi ya Shujaa wa Ukraine. Poland na jumuiya za Kiyahudi zilipinga, na mwezi Februari Bunge la Ulaya likaeleza masikitiko yake. Mwezi Aprili mahakama ya Donetsk iliamua kuwa tunuku hiyo haikuwa halali kwa sababu Bandera hakuwahi kuwa raia wa Ukraine. Mwaka uliofuata, chini ya Rais Viktor Yanukovych, ilitangazwa kuwa imefutwa.

Maandamano ya Kyiv yaliyomwondoa Yanukovych mwaka 2014, kutekwa kwa Crimea na vita vya Donbas vilibadili mizani. Mwaka 2015 bunge lilipitisha sheria iliyozitambua OUN na UPA miongoni mwa makundi yaliyopigania uhuru, na mwaka 2016 barabara moja kuu ya Kyiv iliyokuwa ikiitwa Moscow ilipewa jina la Bandera. Mwezi Julai mwaka huo huo bunge la Poland liliyatambua mauaji ya Volhynia kuwa ni mauaji ya kimbari.

Baada ya Urusi kuivamia Ukraine nzima Februari 24, 2022, Waukraine wengi ambao hawakumjali Bandera hapo awali walianza kujiita Wabandera kwa kejeli, wakilichukua tusi la adui na kuligeuza beji. Katika Crimea iliyo mikononi mwa Urusi, watu walitozwa faini na hata kuwekwa kizuizini kwa kuimba wimbo unaomtaja. Lakini jina hilo liliendelea kuwatia Waukraine matatani mbele ya marafiki zao. Mwezi Julai 2022 balozi wa Ukraine nchini Ujerumani aliondolewa katika wadhifa huo muda mfupi baada ya kumtetea Bandera katika mahojiano. Mwezi Januari 2023 bunge la Ukraine lilifuta mtandaoni ujumbe wa kuadhimisha siku yake ya kuzaliwa baada ya Waziri Mkuu wa Poland kulalamika.

Ukweli ulio mgumu kwa kila upande

Urusi inaposema kuwa Bandera alitaka ushirika na Hitler, inasema kweli kuhusu mwaka 1941. Isichokitaja ni kwamba alifungwa na Hitler huyo huyo miezi hiyo hiyo, na kwamba vyama vinavyofuata siasa zake vimeshindwa vibaya katika chaguzi za Ukraine. Mwaka 2019 orodha ya pamoja ya wazalendo wenye msimamo mkali ilipata asilimia mbili tu ya kura za bunge. Mwaka huo huo Waukraine walimchagua kwa asilimia 73 Volodymyr Zelensky, ambaye ni Myahudi. Kuiita nchi hiyo dola ya Wabandera ni kutumia kaburi la mtu mmoja kuhalalisha vita dhidi ya mamilioni.

Ukraine nayo inaposema kuwa Bandera alikuwa mfungwa wa Wanazi na kwamba aliuawa na KGB, inasema kweli. Lakini kifungo hakimsafishi mtu na aliyoyahubiri kabla ya kufungwa, wala ujasiri wa wapiganaji wa msituni dhidi ya Stalin hauwafufui waliouawa Volhynia na Lviv. Mtu anaweza kuwa ameonewa, na bado akawa na deni.

Deni hilo limeanza kushughulikiwa, si kwa hotuba bali kwa sepetu. Kwa miaka kadhaa Ukraine ilikuwa imezuia kufukuliwa kwa makaburi ya Wapoland, baada ya ukumbusho wa UPA kubomolewa nchini Poland mwaka 2017. Mwezi Novemba 2024 nchi hizo mbili zilikubaliana kazi hiyo iendelee, na katika majira ya kuchipua ya 2025 wataalamu wa Poland na Ukraine walichimba pamoja katika kijiji cha zamani cha Puzhnyky, magharibi mwa Ukraine, kilichoshambuliwa na UPA mwezi Februari 1945. Mabaki ya watu wasiopungua 42 yalipatikana, na mwezi Septemba yakazikwa upya kwa heshima, wakati makombora ya Urusi yakiendelea kuanguka katika miji ya Ukraine.

Bandera mwenyewe angali amelala katika makaburi ya Waldfriedhof mjini Munich. Kaburi lake limewahi kuharibiwa na watu wasiojulikana, na wapo Waukraine wanaotaka mabaki yake yarejeshwe nyumbani.